Njaa ya Uholanzi na Watoto Waliokuwa Matumboni



Ikija posa nyumbani kwako, jambo la kwanza watakalouliza wazee, kabla ya mahari na kabla ya kazi ya kijana, ni nasaba. Huyu ni wa nani? Mama yake katoka wapi? Na akishatajwa babu na babu wa babu, bibi mmoja aliyekaa pembeni husema kwa sauti ya chini: "Lakini wale si wana kifafa kwao?" Au: "Mjomba wake si yule aliyerukwa na akili?" Neno hilo likishasemwa, posa imekwisha. Hapana aulizaye zaidi. Mimi nimekaa katika vikao vya namna hiyo zaidi ya mara moja, wala sikumbuki hata kimoja ambacho mtu aliuliza: yule mjomba alizaliwa mwaka gani, na mama yake alikuwa katika hali gani alipokuwa na mimba yake?

Suala hilo ndilo nitakalo tulizungumze. Na ili tulizungumze kwa yakini, si kwa dhana, nitakusimulia tarikhi ya njaa moja iliyotokea mbali nasi, katika nchi ya Uholanzi, mwisho wa Vita Vikuu vya Pili. Sikuichagua kwa kuwa ilikuwa njaa kubwa kupita zote. Mwaka 1943 huko Bengal, ng'ambo ya bahari yetu hii, walikufa watu zaidi ya milioni mbili, na maskini wa Mungu wale hawakuwa na mtu wa kuandika nani alikula nini na nani alizaliwa lini. Njaa ya Uholanzi iliandikwa. Kwa daftari zake wataalamu waliweza kutenga kile anachorithi mtoto kwa damu na kile kinachompata angali tumboni.

Mwezi wa Septemba 1944 majeshi ya Uingereza, Marekani na wenzao yalikuwa yamekwisha kuikomboa Ubelgiji, yakawa yaingia kusini mwa Uholanzi. Tarehe 17 ya mwezi huo askari wa miavuli walishushwa karibu na mji wa Arnhem ili wayashike madaraja ya mto Rhine. Siku hiyo hiyo serikali ya Uholanzi, iliyokuwa uhamishoni London, iliwataka wafanyakazi wa reli wagome, ili Wajerumani wasipate kusafirisha askari wao. Wafanyakazi wapatao 30,000 waliitika. Walakini Arnhem haikushikika. Sehemu ya magharibi ya nchi, iliko miji mikubwa ya Amsterdam, Rotterdam, The Hague, Leiden, Haarlem na Utrecht, ikabaki mikononi mwa Wajerumani, nao wakalipiza kisasi kwa kukataza chakula kisipelekwe huko. Katazo lilipolegezwa mwezi wa Novemba na vyakula kuruhusiwa kupita kwa matishari ya mifereji, baridi ilikuja kali kuliko kawaida, na maji ya mifereji yakaganda yakawa jiwe. Chakula kilikuwako mashariki ya nchi. Miji ya magharibi ikakikosa.

Watu wa miji hiyo walikuwa wakila kwa kadi za posho, kila mtu kwa kipimo chake. Mtu mzima wa kawaida huhitaji kalori 2,000 na zaidi kwa siku. Mwisho wa Novemba 1944 posho ya mtu mzima ilishuka chini ya 1,000. Mwisho wa Februari 1945 ilikuwa kama 580, nazo ni vipande vichache vya mkate na viazi viwili vitatu kwa kutwa nzima. Wajawazito hapo awali walikuwa na nyongeza yao maalumu, lakini njaa ilipofika kileleni hata nyongeza hiyo haikupatikana. Watu wakala viazisukari, wakala na tunguu za maua ya tulipu, maua yale ambayo nchi hiyo huyauza dunia nzima. Wanawake wa mjini walitoka kwa miguu na kwa baiskeli zisizo na mipira, katika theluji, kwenda mashamba ya mbali kubadilisha shuka zao na pete zao za ndoa kwa gunia la viazi. Kuni zilikwisha, watu wakang'oa mbao za njia ya tramu, wakabomoa nyumba zilizokuwa tupu, ambazo nyingi zilikuwa za Mayahudi waliokwisha kuchukuliwa na Wajerumani kwenda kuuawa. Walikufa kwa njaa hiyo watu wapatao 20,000.

Kisha njaa ikakatika kama ilivyoanza. Tarehe 29 Aprili 1945 ndege za Waingereza, zilizokuwa zimezoea kuangusha mabomu, zilianza kuangusha magunia ya chakula. Tarehe 5 Mei Wajerumani wa Uholanzi walisalimu amri, na baada ya wiki chache watu walikuwa wakila kama kawaida. Nakuomba uyaweke moyoni mambo haya mawili: mwanzo wake wajulikana, na mwisho wake wajulikana. Mtoto aliyezaliwa Januari 1945 alikutwa na njaa katika miezi ya mwisho ya mimba. Yule wa Novemba 1945 mimba yake iliingia njaa ikiwa kileleni, kisha mama yake akashiba miezi yote iliyobaki. Na yule wa mwaka 1943, au yule aliyezaliwa kusini mwa nchi iliyokwisha kukombolewa, ni Mholanzi kama wao, wa damu ile ile na dini zile zile, lakini hakuonjeshwa njaa tumboni. Hapana mtaalamu ambaye angeweza kuwafanyia wanadamu jaribio kama hilo kwa makusudi. Na lau angelifanya, angelistahili kufungwa. Vita vilifanya, na makarani wakaandika.

Mwaka huo huo 1945 daktari wa watoto kutoka Marekani, Clement Smith wa Harvard, alikwenda huko akatazama daftari za hospitali za wazazi. Aliona kwamba watoto waliokutwa na njaa mwisho wa mimba walizaliwa wadogo kwa uzito, na kwamba idadi ya waliozaliwa miezi tisa baada ya njaa ilikuwa imeshuka mno. Karibu nusu ya mimba zilizotazamiwa hazikuwako. Wanawake wengi walikuwa wamekatika damu ya mwezi kwa njaa.

Baadaye jambo hili likashikwa na mume na mke, Mervyn Susser na Zena Stein. Walikuwa madaktari, wazaliwa wa Afrika Kusini, waliowahi kuwatibu watu weusi katika mtaa wa Alexandra, Johannesburg, na kwa kuupinga ubaguzi wa huko wakaiacha nchi yao katika miaka ya 1950, wakaishia New York. Watu waliokwisha kuona kwa macho yao watoto wa maskini wanavyodhoofika walikuwa na suala lao: je, mtoto aliyenyimwa chakula tumboni hupungukiwa akili milele? Katika zama hizo wako waliopenda kusema kwamba watu maskini ni wajinga kwa maumbile, na wako waliosema la, ni njaa ndiyo iliyowafanya hivyo. Stein na Susser walizichukua kumbukumbu za jeshi la Uholanzi, kwani kila kijana wa kiume alipofika miaka 18 au 19 aliitwa kupimwa mwili na akili. Walipata vijana zaidi ya 100,000. Kitabu chao kilitoka mwaka 1975.

Na jawabu lao, msomaji, huenda likakushangaza. Waliokutwa na njaa tumboni walikuwa na akili sawa na wenzao, hawakupungua kwa chochote walichoweza kukipima! Mimba za njaa ziliwatoa vijana waliohesabu na kusoma kama wengine. Jambo hili sharti lisemwe kwanza, maana wako wasimuliao habari ya njaa ya Uholanzi wakaliruka, wakakimbilia mabaya tu.

Mabaya nayo yalikuwako. Katika daftari zile zile walikuta kwamba watoto ambao mimba zao ziliingia katika kilele cha njaa walizidi kuwa na kasoro za ubongo na uti wa mgongo, yale maradhi ambayo kwetu huitwa mgongo wazi, na mengine mabaya kuliko hayo, ambayo mtoto huzaliwa bila ya fuvu kamili na haishi. Mfereji ambao ndani yake huumbika ubongo na uti wa mgongo hujifunga kabla ya kutimia siku ya 28 tangu mimba kutunga. Siku 28! Wanawake wengi wakati huo hata hawajajijua kuwa wana mimba.

Kazi ikaendelea kwa mtoto wao, Ezra Susser, naye daktari wa maradhi ya akili. Yeye pamoja na wenzake wa Uholanzi walifungua daftari la taifa la watu waliolazwa kwa maradhi hayo, wakawatafuta waliozaliwa kati ya tarehe 15 Oktoba na 31 Desemba 1945, yaani wale ambao mimba zao ziliingia njaa ilipokuwa kali kabisa. Walikuwa wakitafuta maradhi yaitwayo skizofrenia, ambayo mtu husikia sauti asizozisikia mwingine, hushika dhana zisizo na msingi, na fikira zake hukatika vipande vipande. Na aghalabu humjia mtu katika ujana, wakati ambapo wazazi wake wanamtazamia aoe au aolewe. Matokeo yalitoka mwaka 1992, yakathibitishwa tena mwaka 1996. Waliokutwa na njaa mwanzo wa mimba walipatwa na maradhi hayo mara mbili kuliko wenzao, wanaume na wanawake.

Wako walioshuku. Walisema, Waholanzi wale walikuwa wachache, huenda ni bahati nasibu. Basi mwaka 2005 uchunguzi mwingine ukatoka Uchina, katika wilaya ya Wuhu, mkoa wa Anhui, ambako njaa ya mwaka 1959 mpaka 1961 ilikuwa kubwa na ndefu kuliko ya Uholanzi. Katika watu waliozaliwa mwaka 1959, waliopata skizofrenia walikuwa 0.84 katika kila 100. Katika waliozaliwa mwaka 1960 walikuwa 2.15, na waliozaliwa mwaka 1961 walikuwa 1.81. Mara mbili na zaidi, vile vile kama Uholanzi, kwa watu wa asili nyingine kabisa na chakula kingine kabisa.

Sasa simama hapa kidogo uzitazame nambari hizo kwa upande wake wa pili, upande ambao watu hawautazami. Katika kila watu 100 waliozaliwa katika kiini cha njaa ile ya Uchina, karibu 98 hawakupata maradhi hayo. Hatari iliongezeka, ni kweli. Lakini hatari si hukumu. Mtu akikwambia kuwa fulani kakutwa na jambo tumboni basi lazima ataugua, mtu huyo hajui hesabu.

Utauliza: njaa ya miezi michache, iliyokwisha kabla mtoto hajazaliwa, yawezaje kumngoja miaka ishirini kisha imtokee? Imejificha wapi?

Wazee wetu walikuwa wakiandikiana barua kwa hati za Kiarabu, na mara nyingi bila ya kutia irabu. Ukiandika herufi be na te peke yake, msomaji aweza kusoma "bata", aweza kusoma "bati", aweza kusoma "buti". Herufi ni zile zile. Kinachoamua ni alama ndogo za juu na za chini, fataha, kasiri na dhuma. Na ukitia sukuni, herufi hutulia. Mwili wa mwanadamu una mfano wa jambo hilo. Katika kila chembe hai mna maandishi yaitwayo DNA, ambayo mtoto hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama, na vifungu vyake huitwa jeni. Juu ya maandishi hayo huwekwa alama ndogo za kemikali, na mojawapo huitwa methili. Aghalabu jeni iliyotiwa methili hutulia, kana kwamba imetiwa sukuni. Ikiondolewa, hupata kusomwa. Ndiyo maana chembe ya ini na chembe ya ubongo zina maandishi mamoja, na kila moja yafanya kazi yake. Elimu ya alama hizi huitwa epijenetiki, jina alilolitoa Mwingereza Conrad Waddington mwaka 1942, kabla ya kujulikana alama zenyewe ni nini. Alama hizo nyingi hutiwa mtoto akiwa tumboni, katika wiki za mwanzo; na ili zitiwe, mwili huhitaji vitu vitokanavyo na chakula.

Mwaka 2008 wataalamu wa Leiden na New York, miongoni mwao Bastiaan Heijmans na L. H. Lumey, waliwachukua watu 60 ambao mimba zao ziliingia wakati wa njaa. Walikuwa wazee sasa, karibu miaka sitini. Kila mmoja alilinganishwa na ndugu yake wa tumbo moja, mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke, ambaye hakukutwa na njaa. Walitazama alama za jeni moja iitwayo IGF2, inayohusika na kukua kwa mwili. Waliokutwa na njaa mwanzo wa mimba walikuwa na methili pungufu katika jeni hiyo kuliko ndugu zao. Waliokutwa nayo mwisho wa mimba hawakuwa na tofauti. Miaka sitini imepita. Watu wale wamekula, wameoa, wamezaa, wamestaafu kazi, na alama ya baridi ile ingali katika damu yao.

Lakini haya nayo yana mpaka wake. Hapana aliyethibitisha kwamba alama hiyo ya IGF2 ndiyo iletayo skizofrenia. Lililothibiti ni kwamba njaa ya mwanzo wa mimba huacha alama ikaganda, na kwamba wakati huo huo wa mimba ndio uongezao hatari ya maradhi ya ubongo. Kiungo kati ya mambo haya mawili wataalamu wangali wakikitafuta.

Je, alama hizo hupita kwa wajukuu? Hili ndilo suala lenye kelele nyingi katika magazeti, na mengi yasemwayo ni chuku. Mwanamke mwenye mimba ya mtoto wa kike amechukua vizazi vitatu katika mwili mmoja: yeye mwenyewe, binti yake, na mayai ya uzazi ya binti huyo, ambayo huumbika angali tumboni. Kwa hivyo mama akipatwa na njaa, mjukuu naye amekwisha kuguswa nayo moja kwa moja. Hilo halijawa urithi, ni kupatwa pamoja. Ili useme kuwa ni urithi, sharti ulikute kwa kitukuu, na kwa wanadamu uchunguzi kama huo ni mgumu mno. Tena mwili una desturi ya kuzifuta alama. Unakumbuka ubao wa chuoni, ulivyokuwa ukioshwa ukaandikwa upya? Mimba inapotunga, alama nyingi za baba na mama huoshwa namna hiyo, zisibaki ila chache. Katika panya wamepata kuona baadhi ya alama zikivuka. Katika wajukuu wa njaa ya Uholanzi, uchunguzi wa mwaka 2013 uliona watoto wa wanaume waliokutwa na njaa tumboni wakiwa wanene kidogo kuliko wengine, na watoto wa wanawake hawakuwa hivyo. Hayo ni mambo ya uzito wa mwili. Mtu atakayekwambia kuwa wazimu wa nyanya umepita katika alama hizi mpaka kwa mjukuu, mwombe akuonyeshe ushahidi.

Na habari ya panya isitupite bila ya faida. Huko Montreal, Kanada, Michael Meaney na wenzake walitoa mwaka 2004 uchunguzi wa panya mama wa namna mbili: wale wanaowalamba sana watoto wao, na wale wasiowajali. Watoto wa wasiojali walikua waoga, na jeni moja ya ubongo inayotuliza hofu ilikuwa imetiwa methili nyingi. Utasema wamerithi woga wa mama. La! Walipobadilishwa tangu siku ya kuzaliwa, mtoto wa panya asiyejali akalelewa na panya alambaye, alikua mtulivu, na alama zake zikawa kama za mlezi wake. Panya si mwanadamu, lakini kwa panya angalau tumeonyeshwa kwa macho kwamba kile kilichoonekana kuwa cha damu kilikuwa cha malezi.

Nina hofu moja, nami sitaificha. Zamani mtoto akizaliwa na kasoro, watu walisema ni damu ya upande wa mama. Au mama kavuka mahali pabaya magharibi. Au kala kitu alichokatazwa. Sasa elimu hii mpya yaweza kufanywa fimbo ya pili ya kumpigia mwanamke yule yule: "Ni wewe hukula vizuri." Basi rejea Uholanzi uulize: nani aliwanyima chakula wanawake wale? Alikuwa mtawala wa Kijerumani aliyetoa katazo, walikuwa majenerali walioshindwa kuliteka daraja moja, ilikuwa barafu. Wale akina mama walitembea katika theluji na pete zao mkononi. Na katika nyumba zetu, chakula cha mja mzito hutoka mkononi mwa nani? Mara nyingi mwanamume ndiye ashikaye kikapu cha sokoni, naye huhudumiwa kwanza, na nyama hupakuliwa kwake. Mwenye mimba hula baadaye na watoto, kilichobaki. Nimeyaona haya katika nyumba za watu wenye uwezo, sembuse wasio nao.

Kuhusu mgongo wazi, dawa yake kubwa ni ndogo ajabu. Mwaka 1991 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa kwa wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye kasoro hiyo. Waliopewa vidonge vya asidi ya foliki tangu kabla ya mimba kutunga, hatari ilipungua kwao kwa asilimia 72. Foliki imo katika kunde, maharage, mchicha na maini. Kenya na Tanzania zote mbili zina sheria ya kuwataka wenye vinu vikubwa waitie katika unga wa ngano na wa mahindi. Unga usagwao kwa mashine ya mtaani aghalabu hautiwi. Na kwa kuwa mfereji ule hufungika kabla mwanamke hajajijua, kidonge kinachoanzwa mwezi wa tatu, siku ya kwanza ya kliniki, kwa jambo hili kimechelewa, ingawa kwa damu ya mama kina faida yake. Wakati wake ni tangu arusi.

Hapa msomaji wa kike atauliza juu ya saumu, na ana haki ya kuuliza. Mwaka 2011 wataalamu wawili wa uchumi, Douglas Almond na Bhashkar Mazumder, walitoa uchunguzi wa hesabu za watu wa Uganda na Iraki. Waliona kwamba Waislamu ambao mwanzo wa mimba zao uliangukia Ramadhani walizidi kuwa na ulemavu ukubwani kwa kiasi cha asilimia 20, na hasa ulemavu wa akili na wa kujifunza. Hawakujua nani katika akina mama hao alifunga na nani hakufunga. Walitazama miezi tu. Na uchunguzi mwingi mwingine uliokusanywa pamoja mwaka 2018 haukuona kuwa saumu ilipunguza uzito wa watoto wanaozaliwa. Kwa hivyo suala halijafungwa. Lakini ruhusa iko tangu zamani, wala haikungoja hesabu za Uganda. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa mwambao huu, mwenye mimba akijihofia nafsi yake hufungua, akalipa siku zake baadaye. Na akihofia mtoto peke yake hufungua, akalipa siku, na kwa kila siku akatoa kibaba cha chakula kwa maskini. Mafakihi waliitazama hofu juu ya mtoto aliye tumboni kuwa ni hofu kamili, wakaiwekea hukumu yake mbali. Na bado wako mama wakwe wanaomtazama kwa jicho la pembeni mwali aliyefungua.

Watu waliokuwa matumboni katika baridi ile ya Uholanzi walitimia miaka 80 mwaka 2025. Waliobaki hai katika wao wamekwisha kutolewa damu, wamekwisha kupigwa picha za ubongo, wamekwisha kuulizwa maswali ya kila namna.

Ama yule mjomba aliyetajwa katika posa niliyoisimulia mwanzo, mimi sikutulia mpaka nikaenda kumuuliza mzee mmoja wa mtaa, mkunga wa zamani, aliyemjua mama yake. Alifikiri kitambo. Akasema mimba ile ilikuwa mwaka wa ukame, bei ya mchele ilipanda, na mume alikuwa safarini na jahazi halikurudi kwa wakati. Yule mwanamke alikuwa akishinda kwa chai kavu ili watoto wake wakubwa wapate mkate. Watoto wale wakubwa wote walikuwa wazima, na wa baada yake pia. Siwezi kukwambia kuwa hiyo ndiyo sababu ya maradhi yake. Hapana awezaye kusema hivyo kwa mtu mmoja. Nilimuuliza yule mkunga kama amewahi kuulizwa habari hii na wale walioikataa posa. Akanambia tangu yule bwana alipougua, mimi ni wa kwanza kumuuliza.